Leza Inawaka, Mapigo Hayaji: Mwongozo Kamili wa Kufunga Modi kwa Fuwele ya Yakuti Yenye Titani

Wengi wanaoniuliza kuhusu kufunga modi, yaani kuifanya leza itoe mapigo mafupi ya femtosekunde (sekunde moja ikigawanywa kwa milioni bilioni) badala ya mwanga mfululizo, hukwama mahali pamoja. Wamepanga vioo, leza ya kijani inachochea fuwele, mwanga wa nanomita 800 unatoka, tena kwa nguvu nzuri. Kisha wanasukuma prizimu, wanagonga kioo, wanazungusha skrubu hadi usiku, na kwenye osiloskopu mstari unabaki umenyooka, bila pigo hata moja.

Sababu karibu kila mara ni ile ile. Wamerekebisha leza hadi itoe nguvu nyingi kabisa ya mwanga mfululizo, wakaiacha hapo. Mapigo hayakai hapo. Yanakaa ukingoni, pale mwanga mfululizo unapoanza kufa. Hatua ya 6 ndiyo roho ya mwongozo huu. Lakini hata kama leza yako tayari inawaka, usiiruke hatua ya 1, kwa sababu Mombasa ina adui ambaye vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havimtaji: umande.

Vipimo vyote humu ni vya kaviti moja, yaani nafasi kati ya vioo viwili vya mwisho ambamo mwanga huenda na kurudi. Vinategemeana. Ukibadilisha kimoja, piga hesabu upya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kupanga meza huku kitu kimoja kiko njiani. Kuacha nafasi ya "kitakachokuja" huharibu vipimo vyote vya baadaye.

Sehemu za leza yenyewe

- Leza chochezi ya kijani, nanomita 532, wati 5, yenye mwale safi wa modi moja.
- Fuwele ya yakuti iliyotiwa titani, unene milimita 4, nyuso zake zikiwa zimekatwa kwa pembe ya Brewster (pembe ambayo mwanga unaotikisika mlalo hauakisiwi), ambayo kwa yakuti ni nyuzi 60.4. Iwe ndani ya kishikio cha shaba kinachopitisha maji.
- Vioo viwili mbonyeo, K1 na K2, vyenye nusu kipenyo cha mbonyeo cha milimita 100. Vipitishe kijani na kurudisha mwanga wa nanomita 800.
- Vioo viwili bapa vya mwisho. Kimoja tutakiita M. Cha pili ni cha kusaidia katika hatua ya 5.
- Kioo cha kutolea, T, kinachopitisha asilimia 5. Mgongo wake uwe umekatwa mshazari. Ukiwa sambamba na uso, mwanga unaorudi kutoka mgongoni huingia tena katika kaviti na kuzuia mapigo. Nimeona watu wakitafuta kosa kila mahali isipokuwa hapa.
- Prizimu mbili za silika safi, za pembe ya Brewster, zenye pembe ya ncha ya nyuzi 69.
- Lenzi ya fokasi ya milimita 75 hadi 100 na bamba la nusu wimbi la nanomita 532, la kuzungusha mtikisiko wa mwanga.
- Vitelezi vitatu vyenye skrubu za maikromita: kimoja cha lenzi, kimoja cha K2, kimoja cha prizimu ya pili.

Vya kupimia

- Kipima nguvu, na spektromita ya nanomita 650 hadi 950.
- Fotodayodi yenye kasi ya chini ya nanosekunde 1 na osiloskopu ya megahezi 200 au zaidi.
- Kipande cha fuwele ya BBO, inayogeuza mapigo makali kuwa mwanga wa buluu, unene nusu milimita au chini.
- Kamera ya usalama ya bei nafuu, ya aina inayoona gizani. Huona nanomita 800 vizuri kabisa, na inakuepusha kuinamisha uso mezani.

Vya chumba

- Kiyoyozi, mashine ya kukausha hewa, haigromita (vipima unyevu) mbili, mtambo wa kupoza maji, na UPS ya kubeba leza chochezi pamoja na mtambo huo.
- Asetoni au methanoli ya daraja la maabara, karatasi ya lenzi, glavu. Usitumie spiriti ya vidonda ya duka la dawa: mara nyingi ina mafuta ya mbarika, nayo huacha utando unaoungua.

## Kabla ya kuwasha: macho

Wati 5 za kijani hupofusha hata kwa mwale uliorudishwa na kijiko au saa ya mkononi. Vua saa, pete na bangili. Mwanga wa nanomita 800 ni hatari zaidi kwa sababu jicho huuona kama wekundu hafifu tu, kwa hiyo hulikingi, ilhali retina inapokea nguvu yote.

Nunua miwani inayozuia kijani pamoja na nanomita 700 hadi 900. Miwani ya kuzuia kijani peke yake haitoshi. Weka kizuizi cha chuma cheusi nyuma ya kila kioo, miale yote iwe chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na mlango uwe na taa ya onyo. Ukiangusha bisibisi, funga mwale kwanza, ndipo uiname.

## Hatua ya 1: Kausha chumba

Hewa ya Mombasa wakati wa kaskazi hufika kwa urahisi nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75. Joto la umande la hewa hiyo ni takriban nyuzi 25. Maana yake, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25 kikikutana na hewa hiyo hutoka jasho. Vitabu vingi hukuambia upoze fuwele hadi nyuzi 15. Ukifuata hivyo ukiwa Tudor au Kizingo, mlango ukiwa wazi, fuwele italowa.

Na tone dogo kabisa linatosha. Kijani kikiwa kimekusanywa hadi nusu upana wa maikromita 25, ukali wake katikati ni kama wati nusu milioni kwa kila sentimita mraba. Unyevu huvuta vumbi na chumvi ya bahari, vumbi huungua, na alama inayobaki kwenye uso wa fuwele haifutiki.

Kanuni ya haraka: toa unyevu kutoka 100, gawa kwa 5, kisha toa jibu hilo kwenye joto la hewa. Chumba cha nyuzi 23 chenye unyevu wa asilimia 50 kina joto la umande la nyuzi 13 hivi. Hapo maji ya kupoza yakiwa nyuzi 18 hadi 20, uko salama. Usishuke zaidi. Fuwele hii hufanya kazi vizuri katika nyuzi 20.

Haigromita moja iwe ukutani, ya pili iwe ndani ya sanduku la plastiki ngumu linalofunika kaviti. Ya ndani ndiyo ya kuamini. Kiyoyozi kisipulize mezani. Upepo wake hutikisa mwale na kuvunja mapigo.

Mzigo wa vioo ukifika kutoka uwanja wa ndege, uache ndani ya mfuko wake uliofungwa hadi upate joto la chumba. Na jioni, fuata mpangilio: zima leza chochezi, zima mtambo wa maji, subiri fuwele irudi kwenye joto la chumba, ndipo uzime kiyoyozi. Mashine ya kukausha hewa iachwe usiku kucha.

Chagua chumba cha chini, mbali na dirisha, na mbali na barabara ya malori ya bandarini. Besi ya matatu nayo hufika mezani. Utaiona kwenye osiloskopu kabla hujaisikia.

Dalili ya kufaulu: haigromita ya ndani inakaa chini ya asilimia 50 kwa siku nzima, pamoja na saa za mvua.

## Hatua ya 2: Elekeza leza chochezi

Anza na nguvu ndogo kabisa ambayo mwale wake bado ni duara safi. Pitisha mwale sambamba na meza ukitumia matundu mawili ya urefu mmoja, mbali iwezekanavyo.

Leza nyingi za kijani hutoa mwanga unaotikisika wima. Fuwele yako inataka mtikisiko wa mlalo, kwa sababu mbili: uso wa Brewster hauakisi mwanga wa mlalo, na yakuti yenye titani hufyonza kijani vizuri zaidi mtikisiko ukiwa sambamba na mhimili wake wa fuwele. Zungusha bamba la nusu wimbi hadi mwakisiko wa kijani kutoka uso wa fuwele ufifie kabisa.

Dalili ya kufaulu: doa la mwakisiko juu ya karatasi nyeupe karibu lipotee, na kijani kinachopenya upande wa pili wa fuwele kipungue.

## Hatua ya 3: Fuwele, K1 na K2

Weka lenzi, kisha K1, kisha fuwele, kisha K2, vyote kwenye mstari wa kijani. Mgongo wa K1 hutawanya kijani kidogo, kwa hiyo fokasi itasogea mbele kuliko hesabu ya lenzi peke yake inavyosema. Ndiyo maana lenzi iko kwenye kitelezi.

Umbali kati ya K1 na K2 uwe milimita 104 hadi 105. Pima kwa vernia, usikadirie kwa jicho. Fuwele ikae katikati.

Sasa pembe. Fuwele iliyokatwa kwa Brewster hufanya mwale uwe na fokasi mbili tofauti, moja ya mlalo na moja ya wima. Kioo mbonyeo kilichoinamishwa hufanya hivyo hivyo kwa upande wa pili, na makosa haya mawili yanaweza kufutana. Kwa fuwele ya milimita 4 na vioo vya milimita 100, yanafutana kila kioo kikipokea mwale kwa pembe ya nyuzi 7.6. Mwale unaoingia na unaotoka kwenye kila kioo huachana basi kwa nyuzi 15 hivi. Ukiweka nyuzi 20 kwa sababu nafasi mezani ni finyu, leza itawaka, lakini ukingo unaohitajika katika hatua ya 6 utakuwa umepasuka vipande viwili, na mapigo hayatakuja.

Dalili ya kufaulu: fuwele inang'aa mstari mwembamba wekundu kutoka uso hadi uso, na mng'ao huo unatoka kwenye K1 na K2 ukiwa doa la duara lisilopanuka sana ndani ya mita moja.

## Hatua ya 4: Pata mwanga mfululizo

Mkono mfupi, kutoka K1 hadi T, uwe milimita 600. Mkono mrefu, kutoka K2 hadi M, uwe milimita 850. Mikono isilingane kwa makusudi: kutolingana huko ndiko kunakogawa eneo la uthabiti, yaani umbali wa K1 na K2 unaoiruhusu leza iwake, kuwa kanda mbili zenye pengo katikati, na tunahitaji kingo za pengo hilo.

Tazama T kutoka nje kwa kamera. Utaona doa la mng'ao uliotoka moja kwa moja kwenye fuwele, na doa la pili lililokwenda hadi M likarudi. Geuza M hadi madoa yalale juu ya mwenzake. Kisha geuza T polepole, safu kwa safu, ukipandisha skrubu ya wima kidogo baada ya kila safu ya mlalo. Leza chochezi iwe kwenye nguvu kamili sasa, kwa sababu hujui bado uko mbali kiasi gani na mstari.

Ikiwaka utaijua. Kamera itajaa mwanga ghafla. Rekebisha T, M, lenzi na mahali pa fuwele mpaka upate miliwati mia kadhaa, kisha punguza kijani hadi leza ikaribie kuzima na urekebishe tena. Marekebisho ya nguvu ndogo ni makali zaidi kuliko ya nguvu kubwa.

Dalili ya kufaulu: leza inawaka tena yenyewe kila unapofungua mwale wa kijani, bila kugusa chochote.

## Hatua ya 5: Ingiza prizimu

Pigo fupi lina rangi nyingi ndani yake. Katika yakuti, rangi za mawimbi marefu hukimbia kuliko za mawimbi mafupi, na pigo hupanuka kila mzunguko. Prizimu mbili huzipa rangi hizo njia tofauti ili zilingane tena. Kupishana huko kwa rangi huitwa mtawanyiko, na hupimwa kwa femtosekunde mraba. Hesabu yake ni hii, kwa mzunguko mmoja, katika nanomita 800:

- Fuwele: njia ya mwanga ni milimita 4.6, mara mbili, kwa femtosekunde mraba 58 kila milimita. Jumla ni +534.
- Glasi ya ncha za prizimu: milimita 8 hivi kwa jumla, kwa 36 kila milimita. Jumla ni +288.
- Hewa: mita 3 hivi, +60.
- Nafasi kati ya prizimu: kila mita hutoa takriban −2,160. Kwa milimita 600 unapata −1,300 hivi.

Unabaki na −400 au karibu yake. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtawanyiko wa jumla lazima uwe hasi kabla ya pigo kuzaliwa, na baadaye utausogeza kuelekea sifuri kwa kuongeza glasi.

Prizimu zikae katika mkono mrefu, upande usio na T. Zikikaa upande wa T, rangi za mwale unaotoka zitakuwa zimetengana pembeni.

Usitoe M ili kuweka prizimu. Ukifanya hivyo unaanza hatua ya 4 upya. Fanya hivi:

1. Leza ikiwa inawaka, weka prizimu ya kwanza milimita 180 kutoka K2, ncha yake ikiwa nje ya mwale.
2. Isogeze taratibu hadi ncha ikate sehemu ya mwale. Sehemu nyingine iendelee kwenda M, na leza iendelee kuwaka.
3. Sehemu iliyopinda izungushe kwa kugeuza prizimu hadi mpindo wake uwe mdogo kabisa. Hapo ndipo pembe ya Brewster ilipo.
4. Fuata mwale uliopinda kwa milimita 600, weka prizimu ya pili ikielekea upande wa pili, nayo uizungushe hadi mpindo mdogo kabisa.
5. Weka kioo cha kusaidia milimita 70 baada yake. Kigeuze hadi nguvu ya leza iruke au itetemeke. Hiyo ni dalili kwamba kaviti ya pili imeshika.
6. Zuia M kwa karatasi. Leza ikiendelea kuwaka, sogeza prizimu ya kwanza ndani kabisa. Kuanzia hapa kioo cha kusaidia ndicho kioo cha mwisho, na ndicho tutakachokiita M.

Dalili ya kufaulu: nguvu inashuka kidogo tu kulinganisha na kaviti isiyo na prizimu. Ikishuka kwa nusu, prizimu moja haiko kwenye mpindo mdogo kabisa, au ni chafu.

## Hatua ya 6: Tafuta ukingo

Hapa ndipo wengi hushindwa, na hapa nitakaa.

Katika yakuti, mwanga hupindwa zaidi pale unapokuwa mkali zaidi. Mwale ni mkali katikati kuliko pembeni, kwa hiyo fuwele yenyewe hugeuka kuwa lenzi. Mwanga mfululizo ni hafifu mno kuunda lenzi hiyo. Lakini kaviti ya urefu huu hutoa pigo moja kila nanosekunde 10.4, na nguvu ile ile ya wastani ikikusanywa katika femtosekunde 30, kilele chake huwa mara laki tatu hivi. Kwa pigo, lenzi ipo. Kwa mwanga mfululizo, haipo.

Kazi yako ni kuijenga kaviti ipendelee mwale wenye lenzi hiyo. Katikati ya ukanda wa uthabiti, lenzi haibadilishi chochote: pigo na mwanga mfululizo wote wanapita sawa, na mwanga mfululizo hushinda kwa sababu ulifika kwanza. Ukingoni, mwanga mfululizo unapanuka, unaanza kupotea, haulingani tena na doa dogo la kijani ndani ya fuwele. Pigo, kwa lenzi yake, linarudishwa ndani ya uthabiti na kulingana na doa hilo vizuri zaidi. Linapata nguvu ambayo mwanga mfululizo hauipati. Ndiyo maana nguvu nyingi ya mwanga mfululizo ni mtego.

Kwa kaviti yetu kanda ziko takriban hivi: ukanda wa kwanza K1 na K2 zikiwa zimeachana milimita 102.9 hadi 106.0, pengo lisilowaka hadi 107.4, kisha ukanda wa pili hadi 110.6. Vernia yako haitakupa usahihi huo. Graf itakupa.

Chukua daftari. Sogeza K2 nje kwa sehemu ndogo, robo milimita kila mara, na baada ya kila mwendo rekebisha M na T kidogo kurudisha nguvu, kwa sababu hakuna kitelezi kinachotembea sambamba kabisa na mwale. Andika mahali na nguvu. Utaona nguvu inapanda, inatulia, inashuka, inakufa. Endelea mbele bila kukata tamaa. Itafufuka. Wanaoacha hapa hudhani wameharibu mpangilio, kumbe wamefika kwenye pengo.

Ukishachora kanda zote mbili, rudi kwenye ukingo wa ndani wa ukanda wa pili, ule unaogusa pengo. Sogea sasa kwa milimita 0.01 kila mara, si kwa robo. Simama pale nguvu ya mwanga mfululizo imeshuka hadi nusu ya kilele chake. Usirekebishe chochote ili kuipandisha.

Fuwele nayo isogezwe nusu milimita mbele au nyuma kutoka kwenye fokasi, na lenzi iifuate kwa kitelezi chake. Mahali penye mwanga mfululizo mwingi na mahali penye lenzi yenye nguvu si pamoja.

Ukingo huu ukikataa baada ya subira ya kutosha, jaribu ukingo wa juu wa ukanda wa kwanza. Kaviti nyingine hupendelea huko.

Dalili ya kufaulu: unaposukuma kitelezi cha prizimu, osiloskopu inamweka mapigo kwa sekunde moja, au spektra inapanuka na kusinyaa. Mmweko mmoja unatosha. Uko karibu sana.

## Hatua ya 7: Sukuma

Leza ya aina hii haianzi mapigo yenyewe. Inahitaji mshtuko unaozalisha mwinuko mdogo wa nguvu, ambao lenzi itaukamata na kuukuza.

Shika kitelezi cha prizimu ya pili, si prizimu, na ukisukume mbele milimita moja hadi mbili kwa haraka, kisha kiachie kirudi kwa springi. Kugonga meza hakusaidii, kunahamisha vioo.

Kama kuna mimweko isiyodumu, fanya mambo mawili kwa zamu: sogeza K2 kwa milimita 0.01 au 0.02, kisha ingiza au toa glasi kidogo ya prizimu ya pili. Sukuma baada ya kila badiliko. Kila milimita ya glasi unayoongeza kwenye njia huongeza femtosekunde mraba 72 kwa mzunguko.

Dalili ya kufaulu: nguvu inayotoka inaruka juu kwa ghafla na kubaki huko, na mwale unaotoka unabadilika umbo mbele ya macho ya kamera.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwa vipimo vinne

Usiamini kipimo kimoja.

Osiloskopu. Weka kiingilio kwenye omu 50. Ukikiacha kwenye megaomu 1, waya utameza mapigo yote na utaona mstari mnyoofu hata kama leza inafanya kazi kikamilifu. Utarajie safu ya mapigo yenye vimo sawa, megahezi 96 hivi. Upana unaouona ni wa fotodayodi, si wa pigo. Hakuna fotodayodi inayoweza kupima femtosekunde.

Spektra. Mwanga mfululizo ni sindano nyembamba. Mapigo ni kilima laini. Kwa pigo la femtosekunde 30 tarajia kilima cha upana wa nanomita 22 angalau. Kwa femtosekunde 20, nanomita 34. Spektra pana haithibitishi pigo fupi, lakini spektra nyembamba huthibitisha kwamba halipo.

BBO. Kusanya mwale ndani yake kwa lenzi fupi. Mapigo yakiwepo, buluu ya nanomita 400 inatokea wazi. Yakivunjika, buluu inazimika mara moja. Hiki ndicho kipimo cha bei nafuu na cha kweli kuliko vyote.

Otokorelata, chombo kinachopima pigo kwa kulipitanisha na nakala yake. Ukiwa nayo, ile ya mistari ya mwingiliano, kilele kiwe mara 8 ya msingi. Kisha hesabu mistari iliyo juu ya nusu ya kilele. Kila mstari ni femtosekunde 2.67 katika nanomita 800. Zidisha, gawa kwa 1.9. Mistari 21 ni pigo la femtosekunde 30.

Sasa ongeza glasi ya prizimu ya pili taratibu. Spektra itapanuka na pigo litafupika, hadi lifike mahali livunjike. Rudi nyuma kidogo kutoka hapo.

## Mapigo yakija kisha yakaharibika

Yanavunjika kila baada ya dakika kadhaa, kwa mpigo unaolingana na kiyoyozi. Hewa baridi inafika kwenye kaviti, au meza inapanuka na kusinyaa. Mwite fundi wa friji akugeuzie mkondo wa hewa uelekee dari. Acha pia leza chochezi ipate joto kwa saa nzima kabla ya kuanza kazi.

Vimo vya mapigo vinapanda na kushuka kwa mawimbi marefu. Leza inajipiga yenyewe badala ya kutulia. Umeenda mbali mno ukingoni, au mwanga unarudi kutoka kwenye kitu cha nje. Inamisha kila kitu kilicho baada ya T kwa nyuzi moja au mbili, pamoja na kipima nguvu, kisha rudisha K2 milimita 0.01 kuelekea ndani ya ukanda.

Sindano imesimama juu ya kilima cha spektra. Mwanga mfululizo unaishi pamoja na mapigo na kuyaibia nguvu. Punguza kijani kidogo kidogo hadi sindano ife. Ikikataa, weka mwanya mwembamba wa wima mbele ya T, ndani ya kaviti, na uubane taratibu.

Spektra ina mawimbi madogo yaliyopangika sawasawa. Kuna mapigo mawili yaliyokaribiana mno hata fotodayodi isiyatenganishe. Buluu ya BBO itakuwa imepungua ingawa nguvu ya jumla haijapungua. Kijani ni kingi kuliko pigo moja linavyoweza kubeba. Kipunguze kwa robo wati kila mara, vunja mapigo kwa karatasi, sukuma tena, na uangalie kama mawimbi yametoweka. Nguvu ile ambapo yanatoweka iandike daftarini. Ndiyo nguvu ya juu ya kufanyia kazi kwa mtawanyiko uliouweka.